Draiva: Mkalimani Asiyeonekana Katika Vifaa vya Usharika



Ofisi ya miradi hupokea barua nyingi kutoka kamati za maendeleo za sharika, na swali moja hurudi kila mara kwa maneno tofauti: printa tuliyopewa na marafiki zetu ni nzima, taa inawaka, lakini kompyuta yetu mpya inasema haiitambui; je, tuitupe? Wengine wanauliza habari za skana, wengine kamera, na zahanati zetu zinauliza habari za mashine za maabara. Mara nyingi kifaa chenyewe hakijaharibika. Kinachokosekana ni programu ndogo iitwayo draiva.

Somo la toleo hili linaeleza draiva ni nini, inafanyaje kazi, kwa nini nyingi kati yake zimefungwa na kampuni zilizozitengeneza, na jinsi jambo hilo linavyoamua umri wa vifaa tunavyonunua kwa sadaka za washarika au kupokea kutoka kwa wafadhili. Hatuwaandikii mafundi. Tunawaandikia mwenyekiti wa kamati, katibu, mtunza hazina na mfadhili aliye mbali, kwa kuwa hao ndio wanaoamua fedha itumike kununua nini.

Kazi ya mkalimani

Sharika nyingi zimewahi kupokea wageni kutoka usharika rafiki wa Ulaya. Mgeni anahubiri kwa Kijerumani, mkalimani anasimama kando yake, na washarika wanasikia Kiswahili. Mgeni hahitaji kujua lugha yetu, wala sisi yake. Mkalimani akiugua asubuhi ya Jumapili, mgeni bado ana mahubiri yake na washarika bado wana masikio, ila ujumbe haufiki. Mtume Paulo aliliona jambo la namna hiyo kule Korintho, ndiyo maana katika 1 Wakorintho 14 anaagiza kwamba asipokuwapo wa kufasiri, mwenye kunena kwa lugha anyamaze kanisani. Printa isiyo na draiva nayo hunyamaza.

Kila kompyuta ina programu kuu inayosimamia programu nyingine zote, nayo huitwa mfumo endeshi. Windows ni mfumo endeshi, Linux ni mwingine, na simu nyingi tunazotumia zina Android, ambayo kiini chake ni Linux. Mfumo endeshi hauwezi kuzaliwa ukijua lugha ya kila printa, skana na kadi ya mtandao duniani, maana vifaa ni maelfu kwa maelfu na vingine vilitengenezwa baada yake. Kwa hiyo kila kifaa, au kila jamii ya vifaa, huhitaji mkalimani wake. Upande mmoja mkalimani huyu anasikiliza mfumo endeshi, na upande wa pili anazungumza na kifaa kwa lugha kinayoielewa. Neno draiva lenyewe linatokana na neno lile lile la Kiingereza lililotupatia "dereva" wa basi, lakini tukilifikiria kama mkalimani tutaelewa zaidi.

Kifaa kinavyojitambulisha

Mshariki anapohamia usharika mwingine hufika na barua ya mchungaji wake wa zamani. Vifaa vya USB, njia ya kuunganisha iliyoanza mwaka 1996, vina desturi inayofanana na hiyo. Ndani ya kila kifaa zimeandikwa namba mbili, moja ya kampuni na nyingine ya bidhaa. Ukichomeka waya tu, kompyuta inauliza, kifaa kinazitaja namba zake, kisha kompyuta inapekua orodha ya draiva ilizo nazo kutafuta iliyoandikiwa namba hizo. Ikiipata, kazi inaanza, na mtumiaji hata hajui kwamba kulikuwa na mazungumzo. Isipoipata, ndipo tunapoona ule ujumbe wa kifaa kisichojulikana.

Tunaomba msomaji azishike namba hizo mbili, maana tutazirudia mbele katika kisa kimoja cha kusikitisha.

Pengine mtu atauliza: mbona kibodi na mausi hufanya kazi mara moja, bila CD wala fundi? Sababu ni kwamba watengenezaji walikaa pamoja wakakubaliana lugha moja kwa kibodi zote na mausi zote. Flashi nazo ni hivyo hivyo. Mfumo endeshi ukijua lugha hiyo moja, umejua vifaa vya kampuni zote zilizokubaliana. Shida huanza pale ambapo kampuni imeamua kifaa chake kizungumze lugha ya kwake peke yake.

Mfano wa printa

Tuchukue printa, kwa kuwa ndiyo inayotusumbua kuliko vyote. Katibu anaandika barua kwenye kompyuta na kubonyeza amri ya kuchapa. Printa haijui herufi "K" wala jina la mchungaji. Inachojua ni nukta: hapa weka wino, hapa acha. Printa ya kawaida ya leza huweka nukta 600 katika kila inchi. Karatasi moja ya A4 kwa kipimo hicho ina nafasi za nukta karibu milioni 35. Lazima awepo wa kuigeuza barua kuwa nukta hizo.

Kuna njia mbili. Ya kwanza, printa yenyewe inakuwa na akili ya kutosha. Kompyuta inaieleza ukurasa kwa lugha inayojulikana na wengi, nayo inazipanga nukta yenyewe. Lugha maarufu za namna hii ni PostScript, iliyotoka kampuni ya Adobe mwaka 1984, na PCL ya kampuni ya HP. Printa inayoelewa mojawapo ya lugha hizi inaweza kutumiwa hata na draiva ya jumla ambayo haikuandikwa kwa ajili yake, kama vile mgeni anayejua Kiingereza anavyoweza kupata mtu wa kuzungumza naye katika mji wowote wa Tanzania.

Njia ya pili ni ya bei nafuu. Printa inapunguziwa akili ili iuzwe rahisi, na kazi yote ya kupanga nukta inafanywa na kompyuta kupitia draiva. Kisha nukta zinatumwa kwa mpangilio wa siri anaoujua mtengenezaji peke yake. Printa ya namna hii ni nzuri siku inaponunuliwa. Lakini bila draiva yake halisi haina msaada wowote, maana sehemu ya printa hiyo kwa kweli imo ndani ya draiva. Ukiipoteza draiva umepoteza nusu ya printa, ingawa bado inajaza meza.

Kwa maoni yetu, printa nyingi zilizolala katika stoo za sharika ni za aina hii ya pili. Zilichaguliwa kwa kuangalia bei ya kwanza tu.

Mwenye ufunguo wa sakristia

Draiva si programu ya kawaida kama ile ya kuandikia barua. Draiva nyingi hukaa katika kiini cha mfumo endeshi, mahali ambapo hakuna mlango uliofungwa. Programu ya barua ikikosea, itajifunga yenyewe na kompyuta itaendelea. Draiva iliyo ndani ya kiini ikikosea, kompyuta nzima inaweza kusimama, na katika Windows ndipo mtu anapoona kioo cha bluu. Ni sawa na tofauti kati ya mgeni aliyeketi kwenye benchi na fundi uliyempa ufunguo wa sakristia na wa sanduku la sadaka.

Ulimwengu ulifundishwa jambo hili tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya Marekani ya ulinzi wa kompyuta, CrowdStrike, ilisambaza faili lenye kasoro kwa programu yake, ambayo sehemu yake hufanya kazi ndani ya kiini cha Windows kama draiva. Microsoft ilikadiria kuwa kompyuta milioni 8.5 ziliathirika. Ndege zilibaki viwanjani, na hospitali na benki katika nchi nyingi zilirudi kwenye kalamu na karatasi. Hapakuwa na mwizi wala adui. Ilikuwa kasoro katika faili moja, ila ilikuwa imekaa mahali pabaya.

Kwa sababu hiyo tunazisihi kamati zisikubali kijana yeyote apakue draiva kutoka tovuti asiyoijua, hasa zile zinazojitangaza kwamba zitasahihisha draiva zote za kompyuta kwa kubonyeza mara moja. Draiva ichukuliwe kwa mtengenezaji wa kifaa au kwa mfumo endeshi wenyewe. Windows za biti 64 tangu Vista hudai draiva za kiini ziwe na saini ya kidijitali, na huo ni ulinzi mzuri, lakini saini inaeleza tu faili limetoka kwa nani. Haisemi kwamba halina kasoro.

Andazi na kipimo chake

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Mtaalamu anapoandika draiva, huiandika kwa maneno na alama ambazo mtaalamu mwenzake anaweza kuzisoma. Maandishi hayo huitwa msimbo chanzo. Baadaye hugeuzwa na programu nyingine kuwa mfululizo wa sifuri na moja ambao kompyuta inaweza kuutekeleza. Kwenda mbele ni rahisi, kurudi nyuma ni kazi ngumu mno. Ni kama andazi. Ukilila unajua ni tamu, lakini kipimo cha sukari, hamira na iliki anakijua aliyekanda.

Draiva ya umiliki ni ile ambayo kampuni inatupatia andazi na kubaki na kipimo. Leseni yake kwa kawaida hukataza kuichunguza ndani, kuibadili, na mara nyingi hata kuigawa kwa wengine. Mara nyingi hutolewa bure, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Bure si sawa na huru. Draiva huria ni ile ambayo msimbo chanzo wake umewekwa wazi, na mtu yeyote mwenye ujuzi ana ruhusa ya kuusoma, kuurekebisha na kuwapa wengine alichorekebisha.

Tusizihukumu kampuni haraka. Kampuni hufunga draiva kwa sababu kadhaa, na baadhi ni za haki. Inaogopa mshindani asijifunze jinsi kifaa kilivyoundwa. Pengine sehemu ya msimbo si yake, imeikodi kwa kampuni nyingine iliyokataza isionyeshwe. Kwa vifaa vya waifai, serikali nyingi zimeweka mipaka ya nguvu na masafa ya mawimbi, nayo kampuni haitaki mtu aingie ndani kuibadili. Ipo pia sababu isiyotangazwa sana: mteja mwenye printa ya miaka kumi inayofanya kazi vizuri si mteja wa printa mpya.

Inafaa kukumbuka kwamba vuguvugu la programu huria lenyewe lilichochewa na printa. Karibu na mwaka 1980, maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT nchini Marekani ilipewa na kampuni ya Xerox printa mpya ya leza. Ilikuwa zawadi, kama nyingi tunazopokea sisi. Katika printa ya zamani, mtaalamu kijana Richard Stallman alikuwa ameongeza maelekezo ya kuwajulisha watumiaji karatasi inapokwama, ili aliye karibu aende kuitoa. Kwenye printa mpya hakuweza, kwa kuwa ilikuja na programu bila msimbo chanzo. Aliposikia kwamba mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon anao, alimwendea kumwomba. Mtaalamu huyo alikataa, kwa sababu alikuwa amekwisha kuahidi kutompa mtu. Stallman aliichukulia ahadi hiyo kama kosa dhidi ya jirani. Mwaka 1983 alitangaza mradi wa GNU, na mwaka 1985 akaanzisha taasisi ya kutetea programu huria. Kiini cha Linux kilipoandikwa na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, mwaka 1991, sehemu hizo mbili ziliungana zikawa mfumo endeshi ambao leo unaendesha kompyuta nyingi zinazohudumia mtandao wa intaneti.

Hapa Tanzania matunda ya kuwekwa wazi kwa msimbo tuliyaona mwaka 2004, pale mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Waliifasiri kwa sababu walikuwa na ruhusa ya kuingia ndani.

Wakati unapita, draiva inabaki nyuma

Draiva imeandikwa kwa ajili ya mfumo endeshi fulani. Kifaa cha chuma kinaweza kudumu miaka ishirini. Mfumo endeshi haudumu hivyo. Windows XP ilitoka mwaka 2001 na huduma yake ikakoma 8 Aprili 2014. Windows 7 ilikoma 14 Januari 2020. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida 14 Oktoba 2025. Kila badiliko linahitaji mtu aketi tena na msimbo chanzo wa draiva na kuurekebisha. Kama msimbo huo uko kabatini mwa kampuni peke yake, ni kampuni peke yake inayoamua kama itafanya kazi hiyo kwa ajili ya kifaa ambacho haikiuzi tena. Vista ilipowafikia wanunuzi mwezi Januari 2007, watu wengi waligundua kwamba printa na skana zao nzima hazikuwa na draiva. Tena kuna suala la biti: draiva ya kiini iliyoandikwa kwa Windows ya biti 32 haifanyi kazi kabisa katika Windows ya biti 64, hata kama jina la Windows ni lile lile.

Jambo hili lilitufika katika zahanati mojawapo ya dayosisi yetu. Zahanati ilikuwa imepata kwa msaada mashine ya kuhesabu chembe za damu, pamoja na kompyuta yake ya Windows XP iliyopokea majibu na kuyachapa. Mashine ilifanya kazi vizuri kwa miaka mingi. Siku moja umeme ulirudi kwa nguvu kupita kiasi, kompyuta ikaungua, mashine ikasalimika. Kamati ya zahanati ilichanga na kununua kompyuta mpya yenye Windows 10 ya biti 64. Haikuitambua mashine. Tuliwasiliana na kampuni iliyoitengeneza. Jibu lilikuwa la adabu na fupi: draiva ya mashine hiyo iliandikwa kwa XP tu, aina hiyo ya mashine haihudumiwi tena, na walikuwa tayari kutuuzia aina mpya.

Kwa majuma kadhaa mtaalamu wa maabara aliyasoma majibu kwenye kioo kidogo cha mashine na kuyanakili kwa mkono. Ni kina mama wajawazito wanaopimwa damu, na tarakimu moja ikinakiliwa vibaya inamhusu mtu. Hatimaye shule ya sekondari ya jirani ilitupatia kompyuta kuukuu iliyokuwa bado na XP, na CD ya draiva ilipatikana katika kabati la mganga, ndani ya bahasha aliyoiandika mwenyewe tarehe ya kupokelewa. Bahasha hiyo iliokoa mashine. Kompyuta hiyo haijaunganishwa na intaneti wala hairuhusiwi kuchomekwa flashi ya mtu, kwa kuwa XP haina ulinzi tena. Ni suluhisho la kiraka, na tunajua hivyo.

Namba iliyofanywa sifuri

Tulisema tutazirudia zile namba mbili. Ipo kampuni ya Glasgow, Scotland, iitwayo FTDI, inayotengeneza vipande vidogo vya kielektroniki vinavyowekwa ndani ya waya za kuunganisha mashine za zamani na tundu la USB. Waya za namna hiyo hutumika sana maabara na viwandani. Kwa kuwa kipande hicho kinapendwa, watu wengine walikiiga na kuuza bandia, zikajitambulisha kwa namba za FTDI na kutumia draiva ya FTDI. Huo ni wizi, na kampuni ilikuwa na haki ya kulalamika.

Lakini mwaka 2014 ilitoa toleo jipya la draiva yake ya Windows, ambalo liliwafikia watumiaji kupitia masasisho ya kawaida ya Windows. Draiva hiyo ilipokutana na kipande bandia, iliandika ndani yake namba ya bidhaa kuwa sifuri. Tangu hapo Windows haikukitambua tena kipande hicho, hata kikipelekwa kwenye kompyuta nyingine. Wenye waya hizo hawakuwa wezi. Walikuwa wanunuzi wa dukani ambao hawakuwa na njia ya kujua kilichomo ndani ya plastiki, na baadhi yao walinunua mashine nzima bila kujua kwamba fundi aliyeiunda aliuziwa bandia. Malalamiko yalipozidi mwezi Oktoba mwaka ule, toleo hilo liliondolewa katika masasisho ya Windows.

Katika Linux mambo yalikwenda vingine. Draiva ya vipande hivyo ndani ya Linux ni huria. Mwezi ule ule watu waliongeza namba sifuri katika orodha ya namba ambazo draiva inazitambua, na vifaa vilivyokuwa vimenyamazishwa vikaanza kuzungumza tena. Badiliko lenyewe ni la mistari michache tu. Liliwezekana kwa sababu kipimo cha andazi kilikuwa mezani.

Si kila kitu ni chepesi upande wa pili

Isidhaniwe kwamba tunaziambia sharika zote zihamie Linux kesho. Kwa miaka mingi kadi za waifai na za picha zilikuwa mwiba katika Linux, kwa kuwa kampuni hazikutoa draiva wala maelezo. Mwaka 2012 huko Finland, Torvalds alitoa hasira zake hadharani dhidi ya kampuni ya Nvidia, kwa maneno na kwa ishara ya mkono ambayo haiwezi kuchapwa katika jarida la Kanisa. Mambo yamekuwa yakibadilika polepole: Broadcom ilitoa draiva huria ya baadhi ya kadi zake za waifai mwaka 2010, na Nvidia yenyewe ikaweka wazi sehemu ya draiva yake inayokaa katika kiini mwaka 2022. Hata hivyo vifaa vingi bado huhitaji programu iliyofungwa inayopakiwa ndani ya kifaa chenyewe. Debian, jumuiya ya Linux inayojulikana kwa msimamo mkali kuhusu uhuru wa programu, ilipiga kura mwaka 2022 kukubali programu hizo ziwemo katika CD yake ya kusimika, kwa sababu bila hizo watu walikuwa wanashindwa hata kuwasha mtandao.

Na draiva huria nayo ikikosa mtu wa kuitunza, hufa. Tofauti ni kwamba mtu mwingine anaruhusiwa kuichukua.

Kompyuta kuukuu za usharika zilizoachwa na Windows 10 zinaweza kujaribiwa kwa Linux bila gharama. Fundi huweka Linux kwenye flashi na kuiwasha kompyuta kutoka hapo, bila kufuta chochote kilichomo. Ndani ya nusu saa mtaona kama printa, waifai na sauti vinatambuliwa. Vikitambuliwa, mnaweza kuendelea kufikiri. Visipotambuliwa, mnachomoa flashi na hakuna kilichoharibika.

Maswali ya kuuliza kabla ya kupokea

Kamati inayonunua printa imwulize muuzaji kama inaelewa PostScript au PCL, au kama simu inaweza kuichapisha bila kuwekewa programu ya kampuni. Swali hili la mwisho ni rahisi na lina maana kubwa. Tangu mwaka 2010, Apple ilipoleta AirPrint, na baadaye kampuni nyingine zilipokubaliana njia zinazofanana nayo, printa nyingi mpya zimejifunza lugha ya pamoja isiyohitaji draiva maalumu. Muuzaji akishindwa kujibu, jaribuni palepale dukani kwa simu ya katibu. Printa hiyo huenda ikawa ghali kidogo. Tunaona ni afadhali kulipa tofauti hiyo mara moja kuliko kununua nyingine baada ya miaka minne.

Kwa kifaa kilichokwisha kufika, siku ile ile CD ya draiva inakiliwe kwenye flashi mbili, moja ikae ofisini na nyingine kwa mtunza hazina. Kama hakuna CD, draiva ipakuliwe kutoka kwa mtengenezaji sasa, siyo siku kompyuta itakapoharibika, maana kampuni huziondoa draiva za zamani. Katika daftari la mali ya usharika, kando ya jina na thamani ya kifaa, iandikwe namba kamili ya aina yake na mfumo endeshi ambao draiva yake inautambua, pamoja na biti zake. Printa mbili zenye majina yanayotofautiana kwa herufi moja huweza kuwa na draiva tofauti kabisa.

Kwenu wafadhili wetu wapendwa tunasema kwa upendo na kwa uwazi. Kifaa mnachotuma kimefanya kazi kwenu kwa sababu draiva yake imo katika kompyuta yenu. Tafadhali msitutumie printa peke yake. Kijaribuni na kompyuta itakayosafiri nacho, katika mfumo endeshi ambao bado unahudumiwa, na mtie draiva ndani ya boksi. Kwa vifaa vya zahanati na hospitali tunaomba zaidi: muulizeni mtengenezaji kwa maandishi ataitunza draiva hadi mwaka gani, na kama majibu ya vipimo yanaweza kutolewa kwa njia nyingine iwapo kompyuta itakufa. Akikataa kujibu, tuandikieni kabla ya kulipa. Inawezekana kabisa tukaomba kifaa kidogo zaidi, chenye maelezo yaliyo wazi.

Ofisi ya miradi imeandaa ukurasa mmoja wa maswali haya kwa Kiswahili, Kiingereza na Kijerumani, na nakala zimepelekwa kwa wakuu wa majimbo. Sharika zinazotegemea kontena kutoka kwa usharika rafiki zinaombwa kuuchukua na kuutuma mapema, ili ujazwe huko mzigo unakofungwa, kabla haujafika bandari ya Dar es Salaam na kuanza kulipiwa.